Ukaribu Uliotungwa: Fanani, Hadhira na Ukimya katika Onyesho la Bruce Springsteen jijini New York, 2017–2018

Katika taaluma ya fasihi simulizi ya Kiswahili, hadhira huhesabiwa kuwa sehemu ya utendaji wenyewe. Mulokozi (1989) anaiona fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, tungo, hadhira, tukio, mahali na wakati. Katika ufundishaji, mwingiliano huo aghalabu umefupishwa hadi ukawa kama kanuni: fanani na hadhira hukutana ana kwa ana, hadhira huitikia, na tungo hubadilika kutokana na mwitikio huo. Palipo na mambo hayo matatu husemwa kuwa pana utendaji hai. Yanapokosekana, husemwa kuwa pana kitu kingine, pengine tamthilia, pengine bidhaa ya studio.

Onyesho lililoitwa Springsteen on Broadway linaisumbua kanuni hiyo. Linalitimiza sharti la kwanza kwa kiwango ambacho mwanamuziki wa umaarufu huo hakifikii mara nyingi, lakini linayakiuka mawili yaliyobaki: hadhira kwa sehemu kubwa imenyamaza, na maneno yanayosemwa jukwaani ni yale yale usiku baada ya usiku. Hata hivyo, athari yake kubwa ni ukaribu. Uhakiki huu unadai kwamba ukaribu huo hautokani na udogo wa ukumbi wala na ukweli wa yanayosimuliwa. Unatokana na kupunguza: fanani anaondoa kimoja baada ya kingine vile vitu ambavyo kwa miaka zaidi ya arobaini vilimuunganisha na umati, na kimojawapo ni sauti ya umati wenyewe.

Onyesho lilifunguliwa rasmi tarehe 12 Oktoba 2017 katika ukumbi wa Walter Kerr, Manhattan, likafungwa tarehe 15 Desemba 2018 baada ya kuchezwa mara 236, ingawa awali lilipangiwa wiki nane tu. Mwimbaji, aliyezaliwa mwaka 1949 katika jimbo la New Jersey, alikuwa amezoeleka katika viwanja vya mpira akiwa na bendi yake ya E Street. Hapa alisimama na magitaa, harmonika na piano mbele ya ukuta wa matofali. Wazo lilizaliwa Januari 2017, alipowaimbia kwa faragha wafanyakazi wa Rais Barack Obama katika Ikulu ya Marekani walipokuwa wakijiandaa kuondoka. Masimulizi mengi kati ya nyimbo yametokana na tawasifu yake, Born to Run, iliyochapishwa mwaka 2016. Matini inayohakikiwa hapa ni filamu iliyoongozwa na Thom Zimny, iliyoanza kuonyeshwa na Netflix tarehe 16 Desemba 2018, siku moja tu baada ya onyesho kufungwa.

Ukaribu wenye kiingilio

Ukumbi wa Walter Kerr una viti visivyofika 1,000. Kwa maonyesho 236, waliokaa humo hawakuzidi 236,000, idadi ambayo kiwanja kikubwa cha mpira kingeweza kuipokea kwa usiku wanne au watano. Uchache huu ndio uliokuwa bidhaa. Tiketi ziliuzwa kwa dola 75 hadi dola 850, na mashabiki walitakiwa kujisajili mapema ili ithibitishwe kuwa si walanguzi. Walanguzi hawakuzuilika, bei zao zilifika maelfu ya dola. Mtu aliyezitunga nyimbo kuhusu watu waliofukuzwa viwandani, kwa hiyo, aliziimba kwa karibu mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa na uwezo wa kuununua ukaribu huo. Hoja hii imesemwa mara nyingi na haina haja ya kurefushwa. Ila ni vigumu kuikwepa.

Jambo la kuvutia zaidi kinadharia ni mahali fedha inapokaa katika tukio. Askew (2002) ameonyesha kuwa katika taarabu ya Tanzania mtu anayeinuka kutunza huuchagua ubeti wa kuinukia, na kwa kufanya hivyo humpelekea mtu mwingine ukumbini ujumbe ambao mwimbaji mwenyewe huenda haufahamu. Noti inayopeperushwa kuelekea jukwaani ni usemi. Hadhira inautumia wimbo kwa mambo yake. Katika ukumbi wa Walter Kerr fedha imekwisha kusema mlangoni. Baada ya hapo haina la kuongeza, na aliyeilipa anakaa gizani kama wenzake. Tofauti hii inafaa kukumbukwa, kwa sababu dhana ya hadhira inayotumiwa katika uhakiki wa Kiswahili imelelewa katika mazingira ya aina ya kwanza, na ikipelekwa katika mazingira ya aina ya pili huelekea kuiona hadhira iliyotulia kuwa ni hadhira iliyonyang'anywa kitu.

Horton na Wohl (1956), wakiandika kuhusu redio na televisheni, waliueleza uhusiano ambamo mtazamaji humwona mtumbuizaji kama rafiki ilhali mtumbuizaji hamjui. Uhusiano huo wa upande mmoja umo humu pia, japo mtumbuizaji yuko hatua chache tu kutoka safu ya mbele. Springsteen halifichi hilo. Anaanza kwa kukiri kwamba ametoka katika mji wa ufukweni ambako kila kitu kina chembe ya ulaghai, naye hakuachwa nyuma: hajawahi kufanya kazi kiwandani, hajawahi kuwa na kazi ya siku tano kwa wiki, na utajiri wake umetokana na kuandika juu ya mambo ambayo hakuyaishi. Watu wanacheka. Ungamo linaloanza kwa kichekesho ni hila ya zamani ya wasimulizi, kwani msikilizaji aliyeonywa kuwa atadanganywa huacha kujilinda. Lakini ungamo hili linafanya kazi nyingine pia. Linaitenga nafsineni ya nyimbo na mtu aliyesimama jukwaani, jambo ambalo mashabiki wake walikuwa wamelikataa kwa miongo mingi.

Kiitikio na beti

Kiini cha hoja kimo katika wimbo mmoja. Born in the U.S.A., katika rekodi ya mwaka 1984, ni wimbo wa ngoma nzito na sintesaiza, na kiitikio chake ni maneno manne yanayorudiwa ambayo mtu yeyote anaweza kuyapiga kelele. Beti zinasema jambo tofauti kabisa: zinamsimulia kijana aliyepelekwa Vietnam, akarudi, akakuta hana kazi wala wa kumsikiliza. Katika viwanja, kiitikio kiliimbwa na makumi ya maelfu. Beti ziliimbwa na mtu mmoja. Ni rahisi kukisia ni upande upi ulioshinda. Septemba 1984, Rais Ronald Reagan, akiwa katika kampeni mjini Hammonton, New Jersey, alilitaja jina la mwimbaji huyu kama mleta matumaini kwa vijana wa Marekani. Wimbo wa malalamiko ulikuwa umekwisha kusikika kama wimbo wa kujivunia taifa, na hadhira, kwa kuitikia kwa moyo wote, ilikuwa imechangia kuugeuza.

Katika Walter Kerr wimbo huo unatanguliwa na masimulizi marefu. Springsteen anawataja wanamuziki wawili wa mji wake waliokwenda Vietnam: Bart Haynes, mpiga ngoma wa bendi yake ya ujanani, aliyeuawa huko, na Walter Cichon, mwimbaji aliyemhusudu, ambaye hakurudi. Yeye mwenyewe aliitwa jeshini, akafanya kila njia asichukuliwe, akafanikiwa. Kisha anasema kwamba hujiuliza ni nani aliyekwenda badala yake, kwa kuwa mtu fulani alikwenda. Baada ya hapo analichukua gitaa la nyuzi kumi na mbili na kulipiga kwa kuteleza chuma juu ya nyuzi kwa mtindo wa bluzi, bila ngoma, bila mapigo ya kupigia makofi. Sauti inakwaruza. Sehemu za mwisho zinaimbwa hata gitaa likiwa limenyamaza.

Mpangilio huu haukubuniwa kwa ajili ya Broadway; aliutumia tangu ziara yake ya peke yake iliyoanza mwaka 1995, ambayo ndani yake aliwaomba wasikilizaji wanyamaze. Kinachofaa kuangaliwa ni kile ambacho mpangilio unaifanyia hadhira. Hauna mlango wa kuingilia. Mapigo hayatabiriki, kiitikio hakina mwinuko wa kumwalika mtu, na kinapofika kinaimbwa kana kwamba ni neno la mwisho la mshitakiwa. Hadhira haikukatazwa kuimba, imeondolewa uwezekano. Na ukimya huo ndio unaozirudisha beti. Msikilizaji aliyewahi kuuimba wimbo huu kiwanjani analazimika sasa kusikia kile alichokuwa akikifunika kwa sauti yake.

Hapa ndipo kanuni ya mwitikio inapohitaji kurekebishwa. Uhakiki wa fasihi simulizi umezoea kuuhesabu mwitikio unaosikika (makofi, vigelegele, kibwagizo, vicheko) kama kipimo cha uhai wa utendaji. Kwa kipimo hicho, Born in the U.S.A. ya mwaka 1984 ni hai na ile ya mwaka 2018 ni mfu. Hukumu hiyo haikubaliki kwa mtu yeyote aliyezisikia zote mbili. Ufafanuzi wa Bauman (1977) unasaidia zaidi: anauona utendaji kuwa ni kubeba dhamana mbele ya hadhira, dhamana ya kuonyesha umilisi katika kuwasiliana. Kwa maana hiyo hadhira ina kazi hata isipotamka neno, kazi ya kuamua kama dhamana imetimizwa. Hadhira ya Walter Kerr imeacha kuwa mwitikiaji na imekuwa shahidi. Hadhi hizi mbili hazilingani, wala ya pili si pungufu ya ya kwanza, hasa pale ambapo kinachosemwa ni ungamo la mtu aliyebaki hai kwa sababu mwingine alikwenda.

Ushahidi huo una njia yake ya kisauti pia. Mara kadhaa Springsteen anasogea mbali na kipaza sauti na kusema au kuimba kwa sauti yake tupu, iliyo dhaifu zaidi, huku maneno yakipungua nguvu kadiri yanavyosafiri kuelekea safu za nyuma. Ni kitendo kidogo. Kiwanjani kisingewezekana, kwani sauti ya mwimbaji kiwanjani ni ile ya mitambo. Hapa tofauti ya sauti mbili inasikika ndani ya sentensi moja, na anayesikiliza anainamia mbele, kama mtu anavyomwinamia mgonjwa anayezungumza taratibu.

Nguo za baba, nafasi ya saksafoni

Masimulizi kumhusu baba yake, Douglas, yanarefusha suala la nafsineni. Mwimbaji anakumbuka alivyotumwa na mama yake, angali mtoto, kwenda kumwita baba baani. Baadaye anaeleza kuwa alipotafuta sauti ya kuimbia alivaa nguo za kazi za baba yake, kwa kuwa mtu ambaye mapenzi yake yalitamaniwa na hayakupatikana huigwa. Ungamo la mwanzo, kwamba hajawahi kufanya kazi kiwandani, linapata hapa maana ambayo kichekesho hakikuwa nayo. Nafsineni wa nyimbo zile, yule mfanyakazi mchovu, si uongo wa kibiashara tu. Ni vazi la kuazima kutoka kwa mtu asiyesema. Muundo huu, wa kauli moja kutajwa kwa mzaha na kurudi baadaye ikiwa na uzito, ni wa mwandishi aliyekaa mezani. Utungaji wa papo kwa hapo usingeupata kwa urahisi.

Katika Tenth Avenue Freeze-Out, wimbo wa mwaka 1975 unaosimulia jinsi bendi ilivyokamilika, kupunguza kunafika mwisho wake. Wimbo unapigwa kwa piano. Unapofika pale ambapo mpiga saksafoni anaingia katika hadithi, muziki unasimama na mwimbaji anamzungumzia Clarence Clemons, aliyefariki mwaka 2011: rafiki mweusi na rafiki mweupe waliosimama pamoja jukwaani kwa miongo minne katika nchi ambayo haikurahisisha jambo hilo. Kisha piano inaendelea. Hakuna anayejaza nafasi ya saksafoni, na kila anayeujua wimbo anaisikia ikiwa tupu. Kumbukumbu ya hadhira inageuzwa kuwa ala. Katika bendi kamili nafasi hiyo ingepaswa kuchukuliwa na mpigaji mwingine; ukumbi mdogo na mpigaji mmoja ndio ulioruhusu iachwe wazi.

Si kila kupunguza kunazaa matunda. Dancing in the Dark na Land of Hope and Dreams, karibu na mwisho, ni nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya miili mingi. Zikipigwa na mtu mmoja anayejitahidi kuutoa mgongoni mwa gitaa mshindo wa bendi nzima, zinabaki kama ukumbusho wa kitu kilicho mahali pengine. Tatizo la Sala ya Bwana, inayosemwa kabla ya wimbo wa mwisho, ni kubwa zaidi. Springsteen, aliyelelewa katika Ukatoliki, anaifikia kwa kusimulia alivyorudi katika mtaa wake wa utotoni. Sala hiyo imeandikwa kwa nafsi ya wingi na kwa desturi husemwa na wote. Hapa inasemwa na mmoja. Ukimya uliokuwa na haki yake katika Born in the U.S.A., ambako hadhira ilikuwa imeufunika ubeti, hauna haki hiyo hiyo mbele ya maneno ambayo ni ya kusanyiko. Fanani anachukua hata kisichokuwa chake, na kwa dakika hiyo ukaribu unafanana na mimbari.

Inafaa kutajwa pia kwamba onyesho si la mtu mmoja kikamilifu. Patti Scialfa, mke wa mwimbaji na mwanabendi mwenzake tangu mwaka 1984, anaingia kwa nyimbo mbili, mojawapo ikiwa Brilliant Disguise ya mwaka 1987, wimbo wa mashaka kati ya wapenzi. Wanaimba wakitazamana. Ukaribu halisi, wa watu wanaojuana, unaonekana jukwaani kwa muda mfupi, na hadhira inakuwa mgeni aliyechungulia.

Tungo isiyobadilika na kamera

Lord (1960) alifundisha kuwa kwa mwimbaji wa mapokeo simulizi kila uimbaji ni utungaji mpya. Springsteen alifanya kinyume kwa makusudi: alikuwa na mswada, na mswada ulifuatwa karibu neno kwa neno usiku tano kwa wiki. Wapo watakaosema kuwa hii ni tamthilia ya mhusika mmoja iliyovaa nguo za muziki. Wana hoja, hata waandaaji wa tuzo za Tony, mwaka 2018, walimpa mwimbaji tuzo maalumu nje ya vitengo vya ushindani. Lakini mswada huo ulifunguliwa Juni 2018. Serikali ya Marekani ilipokuwa ikiwatenganisha watoto wahamiaji na wazazi wao mpakani, Springsteen aliongeza maneno ya kulaani kitendo hicho na wimbo wa The Ghost of Tom Joad, na wimbo huo umo katika filamu. Mabadiliko hayakutoka ukumbini. Hakuna aliyeyaomba kwa kelele au kwa makofi. Yalitoka katika habari za siku hiyo, na kuna sababu ya kuyaona kuwa na nguvu zaidi kwa kuwa yaliingia katika matini iliyokuwa imefungwa: aliyezoea kusema yale yale kwa miezi minane, akiongeza jambo, linasikika. Katika istilahi za Mulokozi, wakati ndio ulioibadilisha tungo, huku hadhira ikiwa imetulia. Mwingiliano wa mambo sita ulikuwapo, ila si kupitia njia inayotazamiwa.

Filamu ya Zimny inaongeza tabaka jingine. Hadhira imeachwa gizani kwa sehemu kubwa; kinachoonekana ni uso, mikono na ukuta. Mtazamaji wa filamu anapata kile ambacho aliyelipa dola 850 huenda hakukipata, yaani mikunjo ya uso na macho yanayolengwa na machozi anapotajwa mama yake, Adele, aliyekuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Anapoteza sauti tupu. Kipaza sauti cha filamu kinayanasa hata maneno yaliyosemwa mbali na kipaza sauti cha jukwaani, kinayasawazisha, na ule udhaifu unaosafiri hadi safu ya nyuma unatoweka. Auslander (1999) ana haki anapokataa kuuweka utendaji hai juu ya ule wa vyombo kana kwamba ni vitu viwili visivyogusana. Hata hivyo, katika onyesho lililojengwa juu ya kupunguza, chombo kinachoongeza kinabadilisha hoja yenyewe.

Onyesho lilirudi tarehe 26 Juni 2021, baada ya kumbi za Broadway kufungwa kwa zaidi ya mwaka kutokana na janga la UVIKO-19. Safari hii lilikuwa katika ukumbi wa St. James, ulio mkubwa zaidi kwa mamia ya viti, na mbele ya hadhira iliyotakiwa kuwa imechanjwa. Orodha ya nyimbo ilikuwa imebadilika. Iliingizwa American Skin, wimbo uliotokana na kuuawa kwa Amadou Diallo, mhamiaji kutoka Guinea, kwa risasi za polisi wa New York mwaka 1999. Na hitimisho lilikuwa I'll See You in My Dreams, kutoka albamu ya mwaka 2020, wimbo unaozungumza na waliokufa. Mwaka 2018 onyesho lilikuwa limeishia katika Born to Run: gitaa likiacha nyuzi, mwimbaji akigonga ubao wake kwa kiganja, taratibu, kwa mapigo ya moyo, mpaka mgongo wa mwisho haukufuatwa na mwingine.